Utamjua Mrusi mezani kwake, si barabarani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Mwanza, nimepata ufadhili wa kusomea udaktari katika mji wa Kazan, Urusi. Habari za viongozi wa nchi hiyo na vita vyake nimezisoma, lakini watu wenyewe siwajui. Waliotangulia wananiambia Warusi hawacheki, hawasalimii, na wengine hawapendi watu weusi. Mimi ni Mwislamu, na mama ana wasiwasi. Nianzie wapi kuwafahamu watu hawa na utamaduni wao? Na nikialikwa nyumbani kwao nibebe zawadi gani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mimi nilisoma kwa Warusi na sasa nafundisha lugha yao, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyajua, na mengine nitayasema wazi ili mama naye ayasikie.

Kubwa kuliko yote ni hili: Mrusi ana namna moja ya kuwa akiwa nje, na namna nyingine kabisa akiwa kwake. Barabarani, kwenye basi, benki au kwenye foleni ya duka, uso umefungwa, macho yanatazama mbele, maneno ni machache. Mtu huyohuyo ukishaingia kwake, atakuvua koti, atakupa ndara za kuvaa ndani, atakuketisha jikoni, atakupakulia mara ya pili na ya tatu, na saa sita za usiku bado atakuwa anakuuliza habari za baba yako na kama unamwamini Mungu. Anayempima Mrusi kwa sura ya barabarani anaweza kumaliza miaka sita ya udaktari bila kumjua hata mmoja.

Hali hiyo ina historia yake. Zama za mtawala Stalin, hasa miaka ya 1937 na 1938, watu walikamatwa kwa maelfu kwa maneno waliyoyasema mbele ya jirani au mfanyakazi mwenzao. Mijini familia nyingi ziliishi katika nyumba za kushirikiana: kila familia chumba kimoja, jiko moja la wote, na kila sikio karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya Khrushchev, kiongozi aliyekuja baada ya Stalin, serikali ilianza kujenga kwa wingi majengo ya ghorofa tano yenye nyumba ndogo. Jiko lilikuwa finyu, watu wanne wakikaa hakuna pa kupita, lakini lilikuwa jiko la familia moja na mlango wake ulifungwa. Humo ndimo watu waliposema ya moyoni, wakasomeana mashairi yaliyokatazwa, wakalia na kucheka. Mpaka leo mgeni anayependwa haketishwi sebuleni. Anaketishwa jikoni. Ukikaribishwa jikoni, jua umepokelewa.

Ndiyo maana tabasamu kwao halitolewi bure. Anayemchekea mtu asiyemjua huonekana anaficha jambo, au hana uzito. Karani akikuhudumia bila kutabasamu hajakudharau. Anafanya kazi yake. Rafiki akikutabasamia, hilo ni la kweli, na unaweza kuliamini.

Salamu nazo zitakusumbua wiki za kwanza, kwa sababu sisi tumelelewa kuulizana habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Kule mnasalimiana mara moja kwa siku. Ukimsalimia profesa asubuhi, ukamwamkia tena mchana kwa salamu ileile, atadhani umesahau kwamba mlikwishaonana. Na usimwulize "habari gani" mtu usiyemfahamu. Swali hilo huulizwa wanaojuana, na hujibiwa kweli: mgongo unauma, mwanangu amefeli, mshahara umechelewa. Lakini ukifika zahanati na kukuta watu wamekaa bila mstari, uliza kwa sauti nani wa mwisho. Mtu atainua mkono, na zamu yako ni baada yake. Atakayekuja nyuma yako atakuuliza wewe. Nimeona wageni wakikaa hapo saa nzima wakipitwa kwa kutojua swali hilo moja.

Heshima yao ipo kwenye majina, na hapa utajikuta karibu na nyumbani. Mrusi ana jina lake, jina litokanalo na la baba yake, na la ukoo. Mwalimu anayeitwa Anna, ambaye baba yake ni Sergei, ni Anna Sergeevna. Daktari Ivan aliyezaliwa na Pyotr ni Ivan Petrovich. Watu wa pwani waliozoea kuitana fulani bin fulani wataelewa mara moja. Profesa, daktari mkuu, mama mwenye nyumba, mkubwa yeyote, mwite kwa majina hayo mawili pamoja, na umwambie "ninyi" hata kama ni mmoja. Siku ya kwanza ya darasa andika jina zima la kila mwalimu na ulikariri. Kati ya yote nitakayokuambia, hilo ndilo litakalokufungulia milango mapema zaidi. Kwa upande wa pili, wanaopendana hufupisha: Aleksandr ni Sasha, Yekaterina ni Katya, Yevgeny ni Zhenya. Usianze wewe kumfupisha mtu, subiri akuruhusu.

Sasa Kazan. Watu wakisema Urusi wanaiwazia Moscow, na wakisema Warusi wanadhani ni watu wa asili moja. Nchi hiyo ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 17, kanda 11 tofauti za saa, na makabila zaidi ya 190. Treni ya Moscow hadi Vladivostok inakwenda kilomita 9,288, na safari inachukua karibu wiki. Wewe unakwenda Tatarstan, jamhuri ya Watatari ndani ya Urusi, ambayo Kazan ni mji mkuu wake, kwenye mto Volga, kilomita kama 800 mashariki ya Moscow. Watatari wengi ni Waislamu, wana lugha yao ya jamii ya Kituruki, na kule Kazan wanaishi na Warusi mtaa kwa mtaa, hata ndoa za mchanganyiko ni jambo la kawaida. Usimwite Mtatari Mrusi. Atakusahihisha, na ana haki.

Mwambie mama hivi: watu wa Volga waliupokea Uislamu mwaka 922, miaka 66 kabla ya mfalme Vladimir wa Kiev kubatizwa na watu wake mwaka 988. Uislamu pale haukuletwa jana na wahamiaji. Mwaka 1552 Ivan, yule waliyemwita wa Kutisha, aliiteka Kazan, na kanisa la Mtakatifu Basili, lile lenye makuba ya rangi rangi ambalo dunia nzima inalijua kwa picha za Moscow, lilijengwa kuadhimisha ushindi huo. Ndani ya ngome ya Kazan utaona msikiti wa Kul Sharif, uliopewa jina la imamu aliyeuawa akiutetea mji. Ulifunguliwa mwaka 2005, na hatua chache kutoka hapo lipo kanisa kuu la Kiorthodoksi. Simama kati ya majengo hayo mawili ujue kwamba ujirani huo umepita katika damu, na mpaka sasa unalindwa kwa makusudi.

Kimadhehebu Watatari ni Wahanafi, wakati sisi wa huku wengi ni Mashafii, kwa hiyo utaona tofauti ndogo ndogo katika sala, zisikutie shaka. Nyakati za sala hubadilika sana kati ya kiangazi na baridi, maana mwezi wa sita mchana unazidi saa 17. Tumia ratiba ya mji wenyewe. Nyama halali inapatikana Kazan bila taabu, ila vinyama vilivyofungwa kwenye unga na kuchemshwa, viitwavyo pelmeni, mara nyingi huchanganywa na nguruwe, basi soma pakiti. Ukienda miji mingine ya Urusi, uliza kila mara. Na ukialikwa kwenye meza yenye pombe, sema mapema kwamba hunywi kwa ajili ya dini. Kazan hilo linaeleweka. Watakumiminia maji ya matunda, na zamu yako ya kusema maneno ya kuwatakia heri wenyeji itafika kama ya wengine, kwa sababu kwenye meza ya Mrusi kila mtu huinuka na kusema. Andaa sentensi mbili kwa Kirusi. Watakumbuka.

Baridi watu wataisema sana, nami nitaisema kidogo. Kazan mwezi wa kwanza ni kama digrii 10 chini ya sifuri kwa wastani, na zipo siku za 25 chini. Nunua koti na viatu hukohuko, si Mwanza. Ambalo watu hawakuambii ni kwamba ndani ni joto la kukutoa jasho, maana mji mzima hupashwa moto kwa mabomba ya pamoja, na moto huo kwa kawaida huwashwa pale wastani wa siku unapokaa chini ya digrii 8 kwa siku tano mfululizo. Kabla ya hapo, mwezi wa tisa mwishoni, utatetemeka ukiwa chumbani kuliko utakavyotetemeka Januari. Vaa nguo za kuvulika tabaka kwa tabaka. Koti liache kwenye chumba cha kuhifadhia makoti mlangoni mwa chuo. Kuingia nalo darasani ni utovu wa adabu. Na bibi usiyemjua akikukemea barabarani kwa kutovaa kofia, usikasirike. Bibi wa Kirusi anahesabu watoto wa watu wote kuwa wake, naye hajali kama unaelewa anachosema.

Mbali na jikoni, Mrusi yuko dacha. Ni shamba dogo nje ya mji lenye kijumba cha mbao. Zama za Kisovieti wafanyakazi waligawiwa vipande vya mita za mraba 600 hivi, na wengi bado wanavyo. Ijumaa jioni za kiangazi treni za mashambani hujaa watu wenye miche, majembe na paka kwenye vikapu. Daktari bingwa utamkuta amepiga magoti anapalilia matango. Miaka ya 1990, Umoja wa Kisovieti ulipokwisha kuvunjika na mishahara kukaa miezi bila kulipwa, viazi vya dacha ndivyo vilivyozilisha familia nyingi, na ndiyo sababu wazee hawayaachi mashamba hayo hata watoto wao wakiwaambia dukani kuna kila kitu. Mwezi wa nane hadi wa tisa kila kitu hutiwa kwenye chupa: matango ya chumvi, nyanya, jemu ya matunda ya porini, uyoga. Ukialikwa dacha nenda, na ukapalilie nao. Hapo utajifunza Kirusi kuliko darasani. Huenda wakawasha na nyumba ya mvuke, banya, ambamo watu hukaa kwenye joto kali na kuchapwa kwa matawi ya mti wenye majani, kisha hukimbilia maji baridi. Wanawake huingia peke yao na wanaume peke yao, isipokuwa familia. Kama huwezi, sema huwezi, hakuna atakayekulazimisha.

Kisha kuna vita. Si vya leo, ninasema vya 1941 hadi 1945. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27, na ni nadra kuipata familia ambayo haikuzika mtu, au haikukosa hata maiti ya kuzika. Leningrad, ambayo leo ni Saint Petersburg, ilizingirwa na Wajerumani siku 872. Mwishoni mwa 1941 mgao wa siku wa asiye mfanyakazi wa kiwandani, na wa mtoto, ulikuwa gramu 125 za mkate, tena mkate uliochanganywa na vitu visivyo unga. Utakapoona bibi anaokota kipande cha mkate kilichobaki mezani na kukifunga kwenye kitambaa, usidhani ni uchoyo. Usitupe mkate mbele yake. Jumba la opera la Kazan lina jina la Musa Jalil, mshairi wa Kitatari aliyetekwa vitani na kuuawa na Wanazi gerezani Berlin mwaka 1944, akiwa ameandika mashairi yake kwenye vijitabu alivyovificha. Nenda pale ukasikilize muziki hata kama hujazoea. Tikiti za wanafunzi si ghali. Tarehe 9 Mei ni siku ya ushindi huo, na wapo watu watakaotoka na picha za babu zao. Serikali imeitumia sana siku hiyo kwa siasa zake, lakini machozi ya yule aliyeshika picha ni ya kweli.

Umeuliza juu ya watu weusi, na sitakuficha. Ubaguzi upo. Miaka ya 2000 kulikuwa na magenge ya vijana waliowapiga wageni, na baadhi waliuawa. Hali hiyo imepungua sana, lakini bado utasoma matangazo ya nyumba za kupanga yanayosema wanatakiwa Waslavi tu, yaani Warusi na ndugu zao wa asili, na utakodolewa macho kwenye basi. Kukodolewa mara nyingi ni ushamba wa kutozoea, si chuki, utajifunza kuvitofautisha. Usitembee peke yako usiku wa manane, hasa baada ya mechi za mpira, na uwe karibu na wanafunzi wenzako wa Kiafrika, ambao wapo wengi. Tangu 1960, kilipoanzishwa kile chuo cha Moscow ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba, maelfu ya Waafrika wamesomea huko, na madaktari na wahandisi wetu wengi ni matunda yake. Na kuna hili ambalo kila mtoto wa Kirusi hulijifunza shuleni: Pushkin, mshairi wao mkuu aliyezaliwa 1799, ambaye tungo zake wanazikariri tangu utotoni, babu wa mama yake alikuwa Mwafrika. Aliitwa Abram Gannibal, aliletwa akiwa mtoto kwenye jumba la mfalme Petro Mkuu, akafikia cheo cha jenerali na mhandisi wa ngome. Wakikuuliza unatoka wapi, sema, halafu taja Pushkin. Mazungumzo yatakwenda.

Jambo zito zaidi ni vita ya sasa dhidi ya Ukraine, iliyoanza Februari 2022. Baadhi ya familia utakazokutana nazo zitakuwa na mtoto aliyeko mstari wa mbele vitani, au aliyekimbilia nje ya nchi, au aliyezikwa. Wapo wanaoiunga mkono na wapo wanaoilia kimyakimya jikoni. Tangu Machi 2022 sheria zao zinaweza kumfunga mtu miaka mingi kwa maneno juu ya jeshi, na wewe ni mgeni, kwa hiyo sikiliza, usiandike lolote mtandaoni, na usipige picha askari wala mitambo. Usikubali kwa hali yoyote kazi ya malipo makubwa inayohusiana na jeshi, kiwanda cha silaha au mkataba usioweza kuusoma. Mwaka 2022 kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani, aliahidiwa msamaha akipigana. Alifia Ukraine, na serikali yetu ilithibitisha Januari 2023. Wapo pia wasichana wa Kiafrika walioahidiwa kazi na masomo hapohapo Tatarstan wakajikuta wanaunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Wewe umekwenda kusomea udaktari. Jibu lako liwe hilo tu. Kuna na la fedha: kadi za Visa na Mastercard za benki zetu hazifanyi kazi kule tangu 2022, basi beba fedha taslimu na ufungue akaunti ya huko mapema. Na hakikisha chuo kinakuandikisha uhamiaji ndani ya siku saba za kazi tangu ufike.

Uanzie wapi sasa, kabla ya kuondoka? Herufi za Kirusi ni 33. Kwa mtu mwenye bidii ni kazi ya wiki moja, na anayefika anasoma vibao hapotei. Dar es Salaam kuna Kituo cha Utamaduni cha Urusi ambako lugha hufundishwa. Kama huwezi kwenda, jifunze kwa simu. Wengi wenu mtawekwa mwaka wa maandalizi ya lugha, ambao wanafunzi wanauita podfak. Hata ukipangiwa masomo ya udaktari kwa Kiingereza, usiukwepe Kirusi, kwa sababu mgonjwa wodini hatakuambia kwa Kiingereza anapoumwa. Omba kukaa chumba kimoja na mwanafunzi wa Kirusi au wa Kitatari. Watanzania utawaona Jumapili.

Zawadi sasa. Ukifika mlangoni usipokezane kitu wala kushikana mikono juu ya kizingiti. Ingia kwanza, vua viatu, ndipo utoe ulichobeba. Maua yanafaa kwa mama mwenye nyumba, na yawe ya witiri: matatu, matano au saba. Ya shufwa hupelekwa makaburini. Ya njano yaache, wengi wanayahesabu kuwa ya kuachana. Kwa watoto wa nyumba hiyo, chokoleti inatosha. Kutoka nyumbani beba chai ya Mufindi na kahawa iliyokaangwa ya Bukoba, maana Warusi ni wanywaji wakubwa wa chai na watakutaka uinywe nao palepale. Beba khanga tatu au nne pia, na kila utakapotoa moja, mwandikie mama mwenye nyumba kwa Kirusi maana ya jina la khanga hiyo. Atakuuliza inavyovaliwa, nawe utamfunga mwenyewe.